Mwiba wa Mlimau

Siku ya gulio Omurushaka, asubuhi watu husalimiana vizuri. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, migomba inaendeleaje. Ngoja jua lipande na rubisi, pombe ya ndizi, ishuke kooni, ndipo utajua nani anamchukia nani. Saa nane mchana mtu anachomoa muhoro.

Muhoro ni kile kisu chenye pua iliyopinda, cha kupogolea migomba, na miaka ile ya hamsini kila mwanamume alitembea nao kiunoni. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda. Kipande cha ardhi ambacho jana hakuna aliyekitaka, leo ndugu wa tumbo moja wanakikatiana masikio. Msinione natia chumvi, masikio yenyewe yalikuwa yanaletwa zahanati yamefungwa kwenye jani la mgomba.

Kokugonza hakuja gulioni kugombana na mtu. Alikuja kununua chumvi. Alikuwa nesi wa zahanati ya misheni, binti wa Bukoba, mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni jeupe limepigwa pasi likakaa, kitambaa cha bluu kichwani. Wanaume walimpisha njia bila kuambiwa.

"Mama, hii ni chumvi au changarawe?" alimuuliza muuzaji.

"Chumvi hiyo, mwanangu. Onja."

"Nikionja jino likavunjika?"

"Likivunjika nitakupa langu," sauti ya kiume ikadakia nyuma yake.

Kokugonza akageuka. Kijana mpana wa mabega, shati jeupe, kaptula ya kaki, shavu limejaa buni. Akacheka kwa macho.

"Lako nilifanyie nini? Limeshachoka kutafuna kahawa."

"Limechoka, ila ni la mtu mwema. Uliza Ihembe yote. Naitwa Rwezaura."

"Watu wema hawadakii maneno ya wasichana gulioni."

"Basi nifundishe, nesi. Mimi mwepesi kuelewa."

Hakuwahi kufundishwa. Mtu mmoja alipenya katikati ya wanunuzi, macho mekundu, akainua muhoro na kuushusha. Rwezaura alikinga kwa mkono wa kushoto. Damu iliruka ikaloweka lile rundo la chumvi, wanawake wakalia kwa Kihaya, "Mawe! Mawe!" yaani mama wee, na aliyekata akapotea kati ya magunia ya maharage. Kila mtu alimjua. Alikuwa Rwegasira, mtoto mkubwa wa mzee Kaijage, jirani yake Rwezaura wa kibanja kwa kibanja, migomba yao ikipakana. Familia hizo mbili zilikuwa zikigombea mpaka tangu bei ya kahawa ilipopanda.

Rwezaura alitaka kumkimbiza. Kokugonza akamshika shati.

"Kaa chini!"

"Niachie, dada!"

"Nimesema kaa chini! Ukikimbia utaishiwa damu kabla hujamfikia, na yeye atakuja kucheka kwenye matanga yako."

Akakaa. Kokugonza akavua kitambaa chake cha bluu, akakikaza juu ya jeraha kwa nguvu zake zote, mpaka yule mwanamume mzima akauma midomo. Hivyo ndivyo walivyofahamiana, kichwa cha msichana kiko wazi mbele ya watu, mikono yake imelowa damu ya mtu asiyemjua hata dakika kumi.

*

Mkuu wa zahanati alikuwa Sista Walburga, mtawa mwembamba mwenye miwani, aliyekaa Kagera miaka mingi hata akawa anaota kwa Kiswahili. Kwa wiki nyingi Kokugonza alikuwa akimsumbua kwa jambo moja.

"Sista, kwa nini watu wetu wanakufa kwa vidonda?"

"Hilo si swali, binti yangu. Hicho ni kilio," Sista alimjibu. "Kilio kina haki yake, lakini hakijibiki. Kidonda gani? Cha nani?"

"Cha muhoro. Cha watu wazima wanaofika siku hiyohiyo walipokatwa."

"Vizuri. Unawafanya nini?"

"Tunawapaka dawa ya zambarau, kama siku zote. Wengine wanapona, wengine wanaoza. Sindano zikifika zinaisha kabla wiki haijaisha. Kule nilikosomea tuliosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukaosha mpaka ndani kabisa. Nataka kujua kama chumvi inashinda zambarau."

Sista akavua miwani, akaifuta kwenye gauni. Alikuwa amefurahi, na hakuficha.

"Sasa umeuliza. Basi sikiliza. Kitakachobadilika ni kimoja tu, hicho cha kutibia. Tutakachotazama ni kimoja, kidonda kimefunga au kimetoa usaha. Vingine vyote tuvishike visiende popote: kitambaa kilekile, uji uleule, kitanda kilekile. Anayefika kwanza apate chumvi, anayemfuata zambarau, wala usichague kwa sura."

"Sitachagua, Sista."

"Na kuna kitu cha mwisho, kibaya kuliko vyote. Kile kinachoingia bila kupiga hodi. Hukukitarajia, hukukiona, na ndicho kinachoharibu jibu. Kitafute kila siku. Mwisho, mtu akianza kuharibika mikononi mwetu kwa sababu ya swali letu, tunasimamisha. Watu si kuku wa kujaribia."

Walikubaliana hivyo. Wa chumvi alifungwa uzi mweupe juu ya bendeji, wa zambarau uzi mwekundu, ili asiwepo wa kukosea. Wagonjwa wenyewe waliambiwa, wakakubali, wengine kwa kucheka. Na siku ya gulio Rwezaura alipoingizwa, zamu ilikuwa ya chumvi. Akafungwa uzi mweupe.

*

Kila asubuhi alikuja kuoshwa, na kila asubuhi alifika wa kwanza.

"Nesi, leo umevaa viatu vipya."

"Nyoosha mkono."

"Vimekupendeza. Lakini vinakubana kidole, naona unachechemea."

"Wewe umekuja kutibiwa au kukagua miguu ya watu?"

"Vyote viwili, mpenzi."

"Mpenzi wako nani? Kelele!" Lakini alikuwa akicheka, na maji ya chumvi yakamwagika mezani.

Alimletea ndizi mbivu, akamletea senene waliokaangwa vizuri kwenye kijifuko cha jani. Akamsimulia habari za Projest, mdogo wake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Projest alikuwa anaimba kwaya, sauti yake ilikuwa inatoa watu machozi. "Siku nikioa, yeye ndiye ataimba," Rwezaura alisema, huku akimtazama Kokugonza machoni. Kokugonza akainamia bendeji na kuifunga mara mbili bila sababu. Alikuwa ameshapenda, na alijua.

Sasa lipo jambo lililomsumbua Rwezaura, na tulijue. Kidonda kilikuwa kinafunga. Maji ya chumvi yalikuwa yanafanya kazi yake vizuri kabisa, nyama ya ndani nyekundu na safi, kingo zinakutana. Na sheria ya Sista Walburga ilijulikana hadi Kiruruma: aliyepona haonekani barazani. Mwanamume asiye na kidonda akitaka kumwona msichana anayelala nyumba ya nyuma ya watawa, angemwambia nani nini? Angefukuzwa kwa fimbo.

Basi, akiwa njiani kurudi Ihembe, alivunja mwiba wa mlimau, akaketi nyuma ya mgomba, akafungua bendeji, akaufukua ule mkono. Aliuma meno, akaufukua tena. Kesho yake kidonda kilikuwa wazi.

"Mbona kimerudi nyuma?" Kokugonza aliuliza, uso umemshuka.

"Sijui, mpenzi. Labda nimelala vibaya."

"Ulikishika kwa mkono mchafu?"

"Mimi? Hata!"

Mjinga yule! Alidhani anajichezea mwenyewe. Aliendelea na mwiba wake siku baada ya siku, mpaka mkono ukavimba, usaha ukatoka, na asubuhi moja akaingia anatetemeka kwa homa. Sista Walburga alinusa bendeji, akatikisa kichwa.

"Huyu ndiye aliyekuwa anaendelea vizuri kuliko wote. Chumvi imemharibu. Tulipatana, Kokugonza. Tunasimamisha."

"Sista, wengine wote wa uzi mweupe wamepona..."

"Tulipatana."

Sindano chache zilizobaki zote zilimwishia Rwezaura. Akapona. Beseni la chumvi likarudishwa stoo, na kuanzia siku ile kila mwenye kidonda alipakwa zambarau.

*

Milamula ni mimea inayopandwa kuonyesha mpaka wa kibanja. Mtu akiing'oa, ameshatangaza vita. Rwegasira na ndugu zake waliing'oa yote mchana wa jua kali, wakaitupa barabarani. Rwezaura na Projest wakatoka mbio kuwazuia.

Hayakuwa mapigano ya kusimulia watoto. Fimbo zilivunjika kwenye vichwa. Rwezaura alimkamata mmoja shingoni, akamgonga kwenye shina la mgomba mpaka shina likalala. Ndugu mwingine alitema jino. Wanawake wa nyumba zote mbili walikuwa wakilia na kurusha mawe, wala hawakujali yanampiga nani. Katikati ya vumbi hilo Rwegasira aliupeleka muhoro chini, ukamwingia Projest kwenye muundi, mpaka mfupa ukaonekana. Yule mwimbaji alianguka juu ya milamula iliyong'olewa, akaita, "Kaka!"

Rwezaura alimbeba mgongoni kutoka Ihembe mpaka zahanati.

"Kokugonza, huyu ndiye Projest. Mponye. Nakuomba, waitu," alimsihi kwa Kihaya, "mponye."

"Nitamhudumia kama ndugu yangu."

Akampaka zambarau, maana ndiyo iliyobaki. Hakukosea chochote, alifanya alivyoagizwa. Lakini udongo wa kibanja ulikuwa umeingia ndani kabisa, na rangi ilikaa juu. Mguu ukavimba, ukabadilika rangi, ukaanza kunuka. Sindano hazikuwepo. Walituma ujumbe Bukoba kuomba gari la wagonjwa, likakwama kwenye matope. Projest alifariki asubuhi, watu wakienda misa, kichwa chake kimelala kwenye mkono wa Kokugonza.

Rwezaura aliingia na muhoro.

Alianza na kabati. Chupa za dawa zilipasuka moja baada ya nyingine, zambarau ikamwagika sakafuni, ikapanda ukutani, ikarukia miguu ya wagonjwa waliokuwa wanatambaa kutoroka. Akapiga meza teke, ikavunjika.

"Mlimpaka rangi! Ndugu yangu mlimpaka rangi kama mlango! Mimi mlinipa chumvi, yeye mkampa rangi! Mlikuwa mnacheza naye!"

"Rwezaura, acha!"

"Wewe ndiye usiseme! Wewe na nyuzi zako! Nilikupenda, kumbe najipendekeza kwa muuaji!"

Akalenga chupa ya mwisho, iliyokuwa karibu na kichwa cha Sista Walburga. Kokugonza akanyoosha mkono kumkinga Sista. Chupa ikapasuka, kipande cha kioo kikampasua kiganja kutoka kidole hadi kifundo cha mkono. Rwezaura aliiona damu yake, akasimama. Halafu akatoka, akaenda kumzika mdogo wake, wala hakutazama nyuma.

Zambarau yote ilikuwa chini. Dresa Methodius, msaidizi wa zahanati, hakuwa na kingine cha kumwoshea Kokugonza. Akaenda stoo kulitoa beseni la chumvi.

*

Kiganja kilipona, kikafunga kisafi bila tone la usaha. Kila Methodius alipofungua bendeji, Kokugonza alikitazama kama mtu anayetazama barua ya lugha asiyoijua.

"Maji yaleyale," alimwambia Sista. "Kitambaa kilekile. Kidonda kirefu kuliko cha Rwezaura. Mimi nimepona, wote wa uzi mweupe walipona, yeye akaoza. Nini hakikufanana?"

"Mkono wake haukuwa na tofauti na wako," Sista alijibu polepole.

"Basi ni mwenye mkono."

Alikwenda Ihembe kwa miguu, saa nne asubuhi, gauni lake jeupe na kanga nyeusi mabegani. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na wanaume walikuwa wameketi kwenye mawe wakinoa mihoro. Hawakuficha walikuwa wanamnolea nani. Rwezaura alikuwa katikati yao, macho yamevimba kwa kulia.

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kukuuliza swali moja. Ulifanya nini na kile kidonda?"

Jiwe la kunolea likasimama mkononi mwake.

"Kidonda gani?"

"Kilikuwa kinafunga, Rwezaura. Nilikiona kwa macho yangu. Kisha kikafumuka. Mimi nimepasuliwa na chupa yako, nimeoshwa maji yaleyale, angalia." Akamfunulia kiganja mbele ya watu wote. "Niambie ulifanya nini."

Rwezaura akaliweka jiwe chini. Kuku walipita katikati yao wakidonoa. Kisha akasema.

"Nilikuwa nakichokonoa. Kwa mwiba wa mlimau."

"Kwa nini?"

"Kingepona ningekuonaje?"

Kokugonza alimpiga kofi kwa kile kiganja kilichopona jana. Wanaume wakasimama. Akampiga la pili, kisha akamshika shati lile alilomshika gulioni, akalia kwa sauti mbele ya wazee wa ukoo.

"Kwa sababu yako tuliisimamisha chumvi! Wewe mmoja tu ndiye uliyeharibika, tukasema chumvi ni mbaya! Ukitolewa wewe, wote walipona! Jibu tulikuwa nalo, Rwezaura, tulikuwa nalo kabla Projest hajakatwa! Sista aliniambia nitafute kile kinachoingia bila hodi, nami nikakaa nacho kila asubuhi, nakichekea, nakula senene wake! Ungesema tu unanipenda! Ungesema!"

Akaondoka, hakungoja jibu. Rwezaura alitazama muhoro wake, ulikuwa umenoleka vizuri mno. Akautupa shimoni walikotupa maganda ya ndizi.

"Umempiga Projest muhoro wa pili, Rwezaura," shangazi yake Deodatha alisema, "na wa kwanza haukuwa wako." Wanaume mmoja mmoja wakarudisha mihoro viunoni.

*

Kesho yake Rwezaura alikwenda mpakani bila muhoro, akiwa na machipukizi ya milamula begani. Alikuwa anapanda lile la pili Rwegasira alipomwona, akadhani kisasi kimefika. Nani angemlaumu kwa kudhani hivyo? Akamjia mbio na muhoro, akamkata begani. Rwezaura akapiga magoti.

"Chomoa chako!" Rwegasira alipaza sauti. "Chomoa, tumalizane!"

"Sina. Nimekuja kupanda."

"Chomoa, nakwambia!"

"Nikate tena ukitaka. Aliyemuua Projest si wewe peke yako."

Rwegasira akaukata mlamula mpya, akakata hewa, kisha akauangusha muhoro na kuketi chini, uso mikononi. Askari waliokuwa wakimsaka tangu Projest afariki walimkuta palepale. Rwezaura alitembea mwenyewe hadi zahanati, damu inamwingia kwenye kaptula, akaketi kwenye benchi mwishoni mwa foleni.

Kokugonza alimwona. Hakukimbia, alimmaliza kwanza mama aliyekuwa anamfunga.

"Njoo."

Akamwosha kwa chumvi, akachimba ndani, akatoa kila chembe ya udongo. Rwezaura alilia waziwazi, wala si kwa maumivu ya bega. Alipokwisha kufungwa uzi mweupe, akanyoosha mkono wa kulia.

"Na huu ufunge."

"Hauna kidonda."

"Ufunge hivyohivyo. Kwenye kiuno, usije ukachokonoa tena. Nikienda haja ndugu zangu watanisaidia."

Akaufunga. Hawakuongea zaidi. Siku alizoambiwa aje alikuja, asizoambiwa hakuonekana. Hakusema mpenzi wala habari za viatu. Bega likafunga, kovu likakauka, na asubuhi moja Kokugonza akaukata uzi kwa mkasi.

"Umepona. Nenda nyumbani."

"Asante, nesi."

Akaenda kweli. Kokugonza alisimama dirishani mpaka vumbi la njia ya Ihembe likatulia. Gulio likapita, na lingine, na lingine, hakumwona. Alimkasirikia kwa kutokuja, akajikasirikia kwa kumngoja, akamfokea Methodius kwa kosa la mtu mwingine.

Halafu, siku ya gulio, saa za asubuhi watu wakiwa bado wanasalimiana vizuri, alitokea barazani. Kanzu nyeupe, koti la marehemu baba yake, kichwa kimenyolewa upya. Nyuma yake shangazi Deodatha, na wazee wawili wa ukoo wamebeba kibuyu cha rubisi. Sista Walburga alitoka na fimbo yake, akaona kibuyu, akarudi ndani.

"Unaumwa wapi?" Kokugonza aliuliza.

"Siumwi popote."

"Hapa ni mahali pa wagonjwa."

"Najua. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuja mzima. Nimekuja kukuuliza swali, na nimelipunguza njia nzima mpaka likabaki dogo. Utanikubali niwe mume wako?"

"Nionyeshe kucha."

Akanyoosha mikono yote. Kucha zilikuwa fupi, safi. Kokugonza aliishika mikono ile, akaigeuza, akagusa lile kovu baya la mwiba, akaacha kidole juu yake.

"Nakupenda," alisema. "Nimejaribu kuacha, imenishinda. Lakini Projest hataimba harusini kwetu, nami sitaki tuishi kana kwamba hilo ni bahati mbaya tu. Nitakuwa mkeo kwa sharti moja. Kila gulio utaketi kwenye benchi hilo, na kila mwenye kidonda atakayefika utamweleza ulichofanya. Chote. Asije mtu mwingine akatuficha."

Wazee walitazamana. Ni aibu kubwa hiyo kwa mwanamume mwenye ukoo wake. Shangazi Deodatha akafungua mdomo.

"Nianze lini?" Rwezaura akamwahi.

"Leo."

Kwenye benchi alikuwa ameketi mtu wa Kiruruma, sikio linavuja damu kwenye jani la mgomba. Rwezaura alikunja kanzu yake nyeupe, akaketi karibu naye.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Mimi nilikuwa na mdogo wangu. Aliitwa Projest."